Picha ya Februari, Tiketi ya Julai: Kuchagua Safari za Wanyama Kaskazini kwa Familia Nzima

Kila mwaka mwezi Januari, sikukuu zikishapita na mvua ya Brussels ikiwa haijui kukoma, vijitabu vya safari za meli huanza kuingia kwenye masanduku yetu ya barua. Jalada huwa lile lile: mbwa wa theluji wakivuta sleji, nyangumi akirusha mkia, na familia ya watu wanne, wote wazima, wote wakitabasamu. Ndani kuna orodha ndefu ya safari fupi za bandarini, na karibu kila moja imeandikwa kwamba inafaa kwa familia.

Familia ipi? Yetu ina bibi wa miaka 68 kutoka Tanga ambaye hajawahi kumgusa mbwa na hana nia ya kuanza. Ina binti wa miaka kumi ambaye akimwona mbwa Bois de la Cambre anapiga magoti kumsalimia. Ina mvulana wa miaka sita mwenye selimundu. Ina baba ambaye tangu utotoni anataka kumwona nyangumi, na mama ambaye ni muuguzi, kwa hiyo anaona hatari hata kwenye kikombe cha chai. Najua kwamba na ninyi mnaosoma mna orodha yenu: mjamzito, mzee mwenye magoti mabovu, mtoto wa pumu, shemeji mwenye viza ya miezi mitatu.

Julai iliyopita tulikwenda, wote watano, siku 14 kutoka Hamburg hadi Rasi ya Kaskazini ya Norway na kurudi. Tangu turudi nimeulizwa sana pale Matonge, kwenye saluni na kwenye foleni ya duka la mihogo: "Mlichaguaje?" Jibu langu ni hili. Msianze na mnyama mnayetaka kumwona. Anzeni na mtu mwenye masharti mengi kuliko wote nyumbani. Safari inayomfaa yeye itawafaa na wengine. Safari inayomwacha yeye nyuma inagawa familia mara mbili, na waliokwenda hawafurahi wala waliobaki hawapumziki.

Pasipoti kwanza, mnyama baadaye

Vijitabu hivi vimeandikwa kwa ajili ya watu wenye pasipoti za Ulaya. Sisi wengine tuisome ramani kwa jicho jingine.

Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya kwao pamoja na kadi ya ukaazi ya Ubelgiji, au mwenye viza ya Schengen, anashuka Bergen au Tromsø bila viza nyingine. Iceland nayo ni hivyo hivyo. Lakini Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo juu kabisa, nyuzi 78 kaskazini, viko nje ya Schengen. Mgeni mwenye viza akienda huko anahesabiwa ametoka, na ili arudi bara lazima viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Visiwa vya Faroe ni vya Denmark lakini navyo havimo Schengen. Meli ikitia nanga Lerwick au Invergordon, hiyo ni Uskoti, yaani Uingereza, na Mtanzania au Mkongomani anahitaji viza ya Uingereza hata kama anashuka kununua kadi ya posta tu. Meli zinazoanzia Southampton zina shida hiyo tangu siku ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa na viza ya kuingia mara moja. Tulipochukua kalamu nyekundu na kufuta kila njia inayogusa Svalbard, Faroe na Uingereza, nusu ya kijitabu ilikwisha. Hilo lilitusaidia, kwa sababu binti yetu alikuwa ameshaanza kuota dubu weupe. Nilimweleza kwamba hata wanaofika Svalbard hawaahidiwi dubu. Sheria ya huko inakataza kumtafuta au kumfuata dubu ili kumtazama, na tangu Januari 2025 mtu anatakiwa kukaa umbali wa mita 300 angalau, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Kwa umbali huo dubu ni kidoa cha rangi ya maziwa.

Jambo la pili ni bima. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya, ile tunayopewa bure na mutuelle, inafanya kazi katika hospitali za umma za Norway bara kwa mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya; mwenye pasipoti ya nje ya Umoja huo asiitegemee huko. Haifanyi kazi kwa daktari wa ndani ya meli, ambaye hulipwa papo hapo kama daktari binafsi. Mgeni mwenye viza ya Schengen anatakiwa kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000; hakikisheni inafika tarehe ya kurudi, si tarehe ya kuondoka.

Jambo la tatu wanalijua wenye watoto Brussels. Tangu mwaka 2022 shule za Kifaransa na shule za Kiflemi hazifuati tena kalenda moja. Ukiwa na mmoja huku na mwingine kule, kipindi ambacho wote wako likizo kiangazi ni kuanzia siku za mwanzo za Julai hadi kabla ya wiki ya mwisho ya Agosti. Hapo ndipo sisi tulipobana, na hapo ndipo picha za jalada zinapoanza kudanganya.

Tazama mwezi kwenye picha

Tromsø iko kama kilomita 350 kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi baada ya katikati ya Julai jua halizami, na joto la mchana mara nyingi ni kati ya nyuzi 10 na 15. Hakuna theluji mjini. Hakuna sleji. Kinachouzwa Julai kwa jina la "mbwa wa sleji" ni moja ya mambo matatu: kuvutwa kwa kigari cha magurudumu, kutembea kwa miguu ukiwa umefungwa kamba na mbwa mmoja, au kutembelea boma la mbwa na kucheza na watoto wao. Yote yanaweza kuwa mazuri. Lakini picha ni ya Februari na tiketi ni ya Julai, na mtoto aliyeahidiwa theluji atalia kwenye basi.

Nyangumi ni vivyo hivyo. Zile picha za nyangumi wenye nundu na nyangumi wauaji wakiruka karibu na mashua chini ya anga la zambarau ni za Novemba hadi Januari, wanapowafuata samaki aina ya heringi ndani ya mikono ya bahari karibu na Skjervøy. Kiangazi hawapo pale. Anayetaka nyangumi Julai anatakiwa kwenda Andenes, ambako bahari inashuka ghafla na kuwa na kina kikubwa karibu na pwani, na nyangumi wale wenye kichwa cha mraba huzamia humo kutafuta ngisi. Meli yetu haikupita Andenes. Safari za nyangumi zilizouzwa kwenye njia yetu zilikuwa za siku nzima, kwa mashua ya kasi.

Kinyume chake, kuna mnyama ambaye Julai ndiyo yake. Kwenye visiwa vya Gjesværstappan, karibu na Rasi ya Kaskazini, ndege wa baharini wanaoitwa pafini huja katikati ya Aprili kutaga na kulea, na mwezi wa Agosti ukianza wengi wameshaondoka baharini. Ukienda mwishoni mwa Agosti utaonyeshwa mwamba mtupu.

Kwa wanaotaka sleji ya kweli juu ya theluji, ushauri wangu ni kuachana na meli za kiangazi. Shule za Kifaransa sasa zina likizo ya wiki mbili wakati wa carnaval, Februari au mwanzoni mwa Machi. Au tumieni meli za pwani za Norway, maarufu kwa jina la Hurtigruten, ambazo zilianza mwaka 1893 kusafirisha barua, mizigo na watu, na sasa hupita katika bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes, mwaka mzima. Unaweza kupanda kwa bandari mbili tatu tu, bila kununua siku kumi na mbili.

Bibi, mbwa na dondakoo

Sasa tuongee kuhusu mbwa, maana hapa familia zetu hazifanani na za kwenye jalada.

Wengi wetu tulikua tukijua mbwa wa aina mbili: mlinzi wa geti na mbwa wa mtaani. Wote wawili hukwepwa. Hofu hiyo si ushamba. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa duniani ameambukizwa na mbwa, na nimewahi kuona mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa diploma nyumbani, kwa nini wazee wetu walituambia tukimbie. Mtoto aliyezaliwa Ixelles hana kumbukumbu hiyo. Ni vizuri kumweleza bibi kwamba Norway bara haina ugonjwa huo. Ni vizuri pia kumweleza mtoto kwamba bibi si mwoga.

Halafu kuna suala la tohara. Watu wa pwani kwa wingi ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa na unyevunyevu wake ni najisi. Panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani yetu wa Kimoroko pale Molenbeek ni Maliki, na kwao mbwa aliye hai ni tohara. Ndiyo maana Waislamu wawili katika jengo moja wanaweza kuwa na msimamo tofauti juu ya mbwa mmoja. Kila mtu amwulize sheikh wake. Mimi nasema tu la kiutendaji: ulizeni kama boma linatoa ovaroli na viatu vya mpira. Ukivaa hivyo juu ya nguo zako, ukavivua mlangoni, umejipunguzia kazi kubwa. Ulizeni pia kama kuna sehemu ya kukaa ambayo mbwa hawafiki.

Binti yetu ndiye aliyelainisha mambo. Shuleni alikuwa amesoma habari za Nome, mji mdogo wa Alaska, ambao Januari 1925 uliingiwa na dondakoo katikati ya baridi. Ndege hazikuweza kuruka, bahari ilikuwa imeganda. Dawa ilifikishwa kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo ikabebwa na mbwa: waendeshaji 20 wakipokezana, mbwa 150 hivi, kilomita 1,085 kwa siku tano na nusu. Mmoja wa waendeshaji hao, Leonhard Seppala, alizaliwa kaskazini mwa Norway, katika mkoa wa Troms tuliokuwa tunaelekea.

Mama alimsikiliza mjukuu wake hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Dondakoo hii hii ya kwenye kadi ya kliniki?"

"Hiyo hiyo, mama."

Alikaa kimya. Amelea watoto sita, na mmoja wa wadogo zake alikufa kwa ugonjwa wa koo kabla chanjo hazijafika kijijini kwao. "Basi hao si mbwa wa mchezo," alisema. "Hao ni watumishi. Nitakwenda kuwaona. Kuwagusa, hapana."

Mtoto mwenye selimundu penye baridi

Mwenye masharti mengi kuliko wote kwetu ni mvulana wetu. Brussels imekuwa ikipima selimundu kwa watoto wachanga tangu 1994, kwa hiyo tulijua akiwa na wiki chache. Baridi, kukosa maji mwilini na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuanzisha maumivu makali. Majira ya baridi yaliyotangulia safari alilazwa siku nne. Kwa hiyo tulipoanza kujadili, swali halikuwa "atafurahi?" Swali lilikuwa "tukiwa pale, na ikaanza, hospitali iko wapi?"

Daktari wake hakukataa. Alitoa masharti: awe mkavu na mwenye joto muda wote, anywe maji kabla hajahisi kiu, asiingie maji ya baridi, na homa yoyote ni hospitali, si kusubiri. Nilichukua masharti hayo na kuyaweka juu ya orodha ya bandari. Tromsø ina hospitali kubwa ya chuo kikuu. Honningsvåg, bandari ya Rasi ya Kaskazini, ni mji mdogo. Hospitali ya karibu iko Hammerfest. Kwa hiyo shughuli ya kuchosha iliwekwa Tromsø, na Honningsvåg tukaweka ile ya kukaa kwenye kiti.

Hapo ndipo safari ya nyangumi ilipokufa. Mume wangu aliitetea kwa jioni mbili. Mashua ya kasi, saa nyingi mbali na bandari, upepo wa bahari. Nilimwonyesha hesabu ambayo kila mzazi aijue: nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Julai si hivyo, lakini mashua inajitengenezea upepo wake yenyewe, na maji yakikurukia umelowa. Nikamwambia aende peke yake, sisi tutakuwa na mbwa. Alifikiri usiku mmoja. Asubuhi akasema hataki kumwona nyangumi kwa simu iliyo kimya mfukoni, akijiuliza mtoto anaendeleaje. Hakusema kwa furaha, na mimi sikujifanya kwamba ni jambo dogo.

Kuhusu nguo: sufu karibu na ngozi, si pamba, maana pamba ikilowa jasho inabaki na ubaridi. Juu yake nguo nzito, na juu kabisa isiyopitisha upepo. Glavu zile zisizo na vidole zinatunza joto kuliko zenye vidole. Na jambo moja ambalo vijitabu haviandiki: wanatuambia tuangalie ngozi ikiwa nyekundu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri. Tazameni kwenye pua, masikio na ncha za vidole: ikififia na kuwa ya kijivujivu kama majivu, ikawa ngumu au imekufa ganzi, ingieni ndani mara moja. Msisugue. Pashieni joto kwa mwili au kwa maji ya uvuguvugu.

Mnyama aliye huru kuondoka

Kati ya safari mbili zinazofaa afya, ipi ni nzuri zaidi? Hapa nawarudisha nyumbani.

Aliyewahi kupanda basi la Mbeya anajua Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na abiria, na kuku wao, na watoto wao, wanatazama tembo na swala dirishani bila kulipa kitu. Basi linapunguza mwendo, tembo anatazama, anaendelea na majani yake au anaondoka. Hakuna aliyemwita. Linganisha na Kizimkazi, kusini mwa Unguja, siku yenye wageni wengi: mashua zinawazunguka pomboo, watu wanarukia majini, pomboo wanazama, mashua zinawafuata tena. Wote wawili ni "kuona wanyama". Mtoto anajifunza jambo tofauti kabisa katika kila moja.

Kwa hiyo swali langu la pili, baada ya lile la hospitali, ni hili: mnyama huyu akichoka nasi, anaweza kuondoka? Pafini anaweza, anaruka. Kulungu wa nchi za baridi wanaochungwa na Wasami wanaweza, wakiwa kwenye malisho yao ya kiangazi. Kila masika huvushwa kwenda kisiwa cha Magerøya, na vuli hurudi bara kwa kuogelea. Ukiwaona kando ya barabara kutoka dirisha la basi, umeshawaona vizuri.

Mbwa wa sleji hawezi kuondoka, yuko kazini. Kwake tunauliza kama tungemwuliza mwajiri yeyote. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na manyoya yale yameumbwa kwa baridi. Siku ya joto kuvuta kigari chenye watalii wanne ni adha. Boma zuri lina kikomo cha joto, na likikifikia linafuta safari na kurudisha fedha. Ulizeni kikomo hicho ni nyuzi ngapi. Asiyekuwa na jibu, msimpe fedha zenu.

Sisi tulichagua kutembelea boma bila kuvutwa.

Siku mbili

Boma lilikuwa Kvaløya, kisiwa kilicho upande wa pili wa daraja kutoka Tromsø. Jina lake kwa Kinorwe maana yake ni kisiwa cha nyangumi, na mume wangu alipiga picha kibao cha barabarani akasema angalau amefika kwao.

Kelele za mbwa zaidi ya mia moja zilimfanya mama asimame kwenye ngazi ya basi. Kila mbwa alikuwa na kibanda chake na mnyororo mrefu. Mwenyeji, kijana wa Kinorwe, alieleza saa za kufunguliwa, mazoezi ya vuli, na mashindano ya Finnmarksløpet yanayoanzia Alta kila Machi tangu 1981, zaidi ya kilomita 1,000. Binti yetu alivaa ovaroli akapotea kati ya watoto wa mbwa. Mdogo wake alimshika mmoja dakika kumi, kisha akaingia kwenye kibanda chenye moto, akanywa maji yake yote, akaomba keki.

Mama alikuwa ameketi humo na kikombe chake cha chai. Wageni wengine waliuliza mbwa anakimbia kasi gani, anakula nini. Yeye aliniambia nimtafsirie swali moja: "Wakizeeka, wanakwenda wapi?"

Kijana aliacha kutabasamu kwa watalii akatabasamu kwa kweli. Alituongoza hadi nyuma ya nyumba, palipokuwa na uwanja wa nyasi usio na minyororo. Mbwa sita saba wenye mvi usoni walikuwa wamelala. Wengine hupewa familia, alisema, hawa wamebaki. Mama aliwatazama akiwa nje ya uzio, mikono nyuma. Mmoja aliinuka kwa shida, akaja hadi kwenye waya, akaketi. Hawakugusana. Walikaa hivyo muda mrefu, hadi tulipoitwa kwenye basi.

Siku mbili baadaye, Honningsvåg, tulichagua mashua ya Gjesvær yenye chumba cha ndani. Pafini walikuwa wengi mno, wadogo kuliko tulivyotazamia, wakipiga mabawa kwa haraka kana kwamba wamechelewa kazini. Tai wa baharini alipita juu ya mwamba na ndege wote wakainuka kwa pamoja. Mvulana wetu aliona yote hayo kupitia kioo, amekaa mapajani mwa bibi yake, blanketi miguuni. Hakuumwa siku ile wala siku zilizofuata. Sidai kwamba ni kwa sababu ya mpango wetu. Selimundu haifuati mpango. Nasema tu kwamba kama ingeanza, tulijua la kufanya.

Baba yao alikaa sitahani kila usiku mweupe akitazama bahari. Hakuona nyangumi. Mama, aliyemwonea huruma, alimkumbusha kwamba nyangumi wenye nundu hupita pwani ya kwetu. Ni kweli: kati ya Julai na Oktoba hivi huja katika bahari yenye joto kuzaa, na Watamu, Kenya, mashua huenda kuwatazama. Tumeshaanza kuweka akiba ya kwenda huko.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa

Andikeni barua pepe. Jibu la maandishi ni ushahidi. Ulizeni: Katika tarehe yetu hasa, tutafanya nini, na kwenye theluji au kwenye udongo? Kutoka mlango wa meli hadi kurudi ni saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za basi au mashua? Je, kuna chumba chenye joto na choo? Umri wa chini ni upi, na mjamzito au mwenye mgongo mbovu anaruhusiwa? Mbwa wanafunguliwa saa ngapi kwa siku, kikomo cha joto ni nyuzi ngapi, wakizeeka wanakwenda wapi? Tusipomwona mnyama, nini kinafuata? Anayejibu la mwisho kwa kuwahakikishia kwamba lazima mtamwona, awatie shaka. Mnyama wa porini hana mkataba.

Kumbukeni pia kwamba safari iliyonunuliwa kwa meli yenyewe, ikichelewa, meli huisubiri. Iliyonunuliwa nje huwa nafuu, lakini mkichelewa meli inaweza kuondoka. Wenye mtoto mgonjwa au mzee, lipeni tofauti hiyo.

Na kama fedha za kwenda kaskazini hazipo mwaka huu, treni ya Oostende inachukua saa moja na robo hivi kutoka Bruxelles-Midi. Pwani yetu ya Ubelgiji ina sili, wa kawaida na wa kijivu, ambao hupanda ufukweni kupumzika. Watu wa kujitolea huweka uzio na kuwaomba wapita njia wasisogee. Nendeni siku ya wiki, asubuhi, na blanketi na chupa ya chai ya tangawizi. Simameni nyuma ya kamba. Sili akitaka kubaki atabaki, akichoka atajiburuza hadi majini. Hakuna viza, hakuna mashua ya kasi, na hospitali haiko mbali.